Soko Jipya ni la Nani? Somo Juu ya Kuangalia Miradi ya Miji Yetu

Wengi wenu mmetuuliza maswali juu ya miradi inayojengwa katika vituo vyetu vya biashara: masoko, mitaro, stendi za magari, taa za barabarani. Mnauliza, "Nani anatakiwa kuangalia kazi hii? Na sisi tuna nafasi gani?" Basi tumeona tuandike somo moja ambalo kikundi chochote kinaweza kulisoma kwa jioni mbili. Anayejua kusoma awasomee wengine polepole, na mahali penye swali, simameni mzungumze.

Lengo la somo: tukimaliza, kila mmoja ajue nani anapanga mradi wa mji, nani anaujenga, nani anaukagua, na raia afanye nini kazi ikikwama.

HADITHI YA KUANZIA

Hadithi hii tumeitunga kwa ajili ya mafundisho. Lakini msikilize vizuri, huenda mkaitambua.

Kituo kimoja kilikuwa kando ya barabara kubwa. Akina mama walikuwa wakiuza chini ya miti kwa miaka mingi: samaki wakavu, makaa, vikapu vya mkoma, na mboga zinazoletwa na lori kutoka Kitale. Siku moja baraza likaitwa. Wakubwa wakaja na magari. Wakasema, "Tunawaletea soko la kisasa. Ondoeni vibanda kwa wiki mbili. Baada ya miezi sita mtarudi ndani ya soko lenu." Watu wakapiga makofi. Soda zikagawanywa, na kila aliyepewa soda akaandika jina lake kwenye karatasi.

Akina mama wakahamia karibu na laga. Miezi sita ikapita, mwaka ukapita. Kuta zilifika usawa wa madirisha, halafu kontrakta akaondoka. Mvua ikanyesha huko milimani, laga ikashuka usiku na kubeba magunia ya makaa na samaki wa watu.

Wakaenda kwa mjumbe wa wodi. Akawaambia, "Mama zangu, mimi sijengi, nendeni manispaa." Manispaa wakasema, "Huo mradi ni wa wizara." Wizarani wakaambiwa, "Tunangoja cheti cha injinia, naye yuko safari." Mama mmoja akasema, "Kumbe! Siku ya kufungua soko lilikuwa na baba watatu. Leo ni yatima."

Wakauliza pia, "Mbona hamkutuuliza tunataka soko mahali gani?" Wakaonyeshwa karatasi. Ni ile ya soda. Juu yake palikuwa pameandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa na wamekubali.

Simameni hapa kidogo. Mjadiliane: Ni nini kimetokea katika hadithi hii? Je, kimewahi kutokea kwetu? Kosa lilianza siku gani?

Wengi hujibu kwamba kosa lilianza kontrakta alipoondoka. Wengine husema lilianza siku ya baraza. Sisi tunaona lilianza mapema zaidi, na katika somo hili tutaona kwa nini.

TULIKOTOKA

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa madiwani. Kulikuwa na Baraza la Kaunti ya Turkana na Baraza la Manispaa ya Lodwar, chini ya sheria ya zamani ya serikali za mitaa. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa LATF, uliopeleka asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mabaraza hayo. Baadaye wananchi wakaitwa kwenye mikutano ya LASDAP kuchagua miradi. Mabaraza yote 175 ya Kenya yalifika mwisho wake baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza.

Sasa kazi nyingi za mji ziko kwa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja masoko, taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Halafu kuna Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, inayoeleza jinsi mji unavyotawaliwa. Mwanzoni sheria hiyo ilitaka watu 250,000 ndipo mji uwe manispaa. Mabadiliko ya 2019 yakashusha hadi 50,000. Lodwar, makao makuu ya kaunti, ina manispaa yake. Kakuma nayo, pamoja na Kalobeyei, ikapewa hadhi ya manispaa mwaka 2023.

Hadhi ya manispaa huleta pesa. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mpango wa kusaidia miji ya Kenya, katika kaunti 45 na miji 59. Sharti moja lilikuwa kwamba mji uwe na hati yake, bodi yake na meneja wake. Kwetu hapa kuna pia mpango wa KISEDP wa kujenga Kalobeyei na Turkana Magharibi, ambao umepangwa kufika mwaka 2030. Kwa hiyo majengo yataendelea kuja, na ni vizuri tujue kuyaangalia.

NANI NI NANI?

Chora mchoro huu chini kwenye mchanga, duara nne.

Duara ya kwanza ni serikali ya kaunti: gavana na mawaziri wake wa kaunti. Hao ndio watendaji. Wanaandaa mipango na bajeti, na idara zao hutoa kandarasi.

Duara ya pili ni bodi ya manispaa. Ina watu 9, wanateuliwa na gavana na kupitishwa na Bunge la Kaunti. Kazi ya kila siku hufanywa na meneja wa manispaa. Bodi inatakiwa kujua kila jiwe linalowekwa ndani ya mipaka ya mji wake.

Duara ya tatu ni Bunge la Kaunti lililoko Lodwar. Turkana ina wodi 30, na Kalobeyei ni mojawapo. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa Bunge hili kazi ya kuwaangalia watendaji. Kifungu cha 195 kinaziwezesha kamati zake kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi au kuleta hati, kwa nguvu kama za Mahakama Kuu. Hata injinia aliye safarini anaweza kuitwa.

Duara ya nne ni wakaguzi wa nje. Msimamizi wa Bajeti huangalia pesa zinavyotolewa na kutumika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika taarifa katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Kifungu cha 229 kinasema Bunge la Kaunti likishaipokea taarifa hiyo lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua.

Sasa jambo moja ambalo watu wengi hatulijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mjumbe wa wodi kujiingiza katika kazi za utendaji. Maana yake, yule mjumbe wa hadithi yetu alisema kweli aliposema "mimi sijengi". Lakini alisema nusu tu. Kazi yake ni kuuliza kwa nini hakujajengwa, na hiyo nusu ya pili ndiyo tuliyompigia kura.

Na sisi wananchi tuna kosa letu hapa. Tunampima mjumbe kwa kusema "ametuletea soko". Tukimsifu kwa kuleta, tunamsukuma atafute nafasi katika kandarasi. Akishaingia huko, nani atamkagua? Fisi hakabidhiwi bucha. Afadhali tumuulize, "Mheshimiwa, mwaka huu umeuliza maswali mangapi Bungeni juu ya miradi ya wodi yetu, na ulijibiwa nini?"

KALENDA YA PESA

Tulisema kosa lilianza kabla ya baraza. Haya, tuangalie kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizi:

1 Julai: mwaka wa fedha unaanza.
1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unaofuata unapelekwa Bunge la Kaunti.
28 Februari: karatasi ya sera ya fedha inapelekwa Bungeni. Inaonyesha kila idara itapata kiasi gani.
30 Aprili: makadirio ya bajeti yanapelekwa Bungeni.
30 Juni: bajeti iwe imepitishwa.

Mnaona? Soko litakaloanza kujengwa baada ya Julai mwaka ujao limeandikwa kwenye mpango kufikia Septemba mwaka huu. Gari la wakubwa linapofika kwenye baraza, mahali na kiasi cha pesa vimeshaamuliwa muda mrefu. Akina mama waliitwa kusikiliza, hawakuitwa kuamua. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka sauti kiende mapema, mwezi wa saba na wa nane, kabla mpango haujafungwa. Tena kisiende na neno moja tu la "tunataka soko". Kiende na majibu ya maswali haya:

Soko liwe mahali gani? Je, maji ya laga hufika hapo? Lodwar wanaijua Kawalase, na Kakuma wanaijua Tarach. Mto mkavu leo ni mto kesho.
Maji ya kunywa, choo na kivuli viko wapi?
Taka zitabebwa na nani, siku gani?
Wauzaji watahamia wapi wakati wa ujenzi, na orodha ya majina yao itawekwa na nani?
Ada ya kibanda itakuwa kiasi gani? Kumbukeni, kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni isiyotokana na sheria. Anayedai pesa aonyeshe sheria, na atoe risiti.

Nchi yetu ina fundisho la masoko tayari. Mwaka 2009 serikali ilianzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi wa shilingi bilioni 22, na ndani yake kulikuwa na masoko ya mazao katika maeneo bunge. Baadhi yalikaa miaka bila kumalizika. Mengine yalimalizika lakini wauzaji wakabaki kando ya barabara, kwa sababu wanunuzi hupita barabarani. Ukuta mzuri mahali pasipo na wanunuzi ni ukuta tu.

JE, KUSHIRIKISHWA NI NINI?

Kupewa soda na kuandika jina si kushirikishwa. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti kufanya kazi yake wazi na kuwashirikisha watu. Na mahakama imeshaonyesha kwamba jambo hili si mchezo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ada na ushuru ikaanguka.

Basi tujifunze tabia mpya. Kabla ya kuandika jina, soma kichwa cha karatasi, au mwombe kijana akusomee kwa sauti. Kama ni orodha ya waliohudhuria, iandikwe hivyo. Na kikundi kiweke daftari lake: tarehe, nani alikuja, alisema nini, sisi tulisema nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni vivyo hivyo.

HATUA ZA KUFANYA KAZI IKIKWAMA

Hatua ya kwanza: tazama kwa macho. Chagueni watu 5, wakiwemo akina mama na kijana mmoja mwenye simu ya kupiga picha. Waende mara moja kwa mwezi. Waandike kilichojengwa, mafundi wangapi wapo, saruji imehifadhiwa vipi. Wasigombane na kontrakta, wala wasipande kwenye jengo. Kazi yao ni kuona na kuandika.

Hatua ya pili: omba hati. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, na afisa anatakiwa kumwandikia. Kuomba hakulipiwi, gharama ya kutoa nakala tu ndiyo inaweza kudaiwa. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja. Ikikataa au ikinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Barua yenyewe iwe fupi, kama hii:

"Kwa Meneja wa Manispaa. Sisi wauzaji wa soko la (jina), raia wa Kenya, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba nakala za: mkataba wa ujenzi, orodha ya kazi na bei, vyeti vya malipo yaliyokwisha kufanywa, tarehe ya kumaliza iliyokubaliwa, na orodha ya wauzaji waliohamishwa. Asante."

Ile orodha ya kazi na bei ndiyo makontrakta huiita BQ. Ukiwa nayo huhitaji kuwa injinia. Kama imeandikwa matangi mawili na unaona moja, umeshakagua. Kama cheti kinasema paa limelipwa na wewe unaona nyota ukiwa ndani, umeshakagua.

Hatua ya tatu: peleka barua na picha kwa mjumbe wa wodi na kwa bodi ya manispaa. Uombe uandikiwe kwamba imepokelewa, kwa muhuri na tarehe. Wape nafasi ya kujibu. Wapo wafanyakazi wa kaunti wanaotaka kazi iende vizuri, na barua yetu huwapa nguvu ya kumsukuma kontrakta.

Hatua ya nne: ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Andikeni majina, sahihi au alama ya kidole. Elezeni kilichotokea, ofisi mlizokwenda na majibu mliyopata. Kisha mseme wazi mnachotaka. Msiandike tu "tusaidieni". Andikeni, "Tunaomba kamati imwite afisa husika, itembelee soko, na ituambie tarehe ya kumaliza." Ombi lipelekwe kwa Karani wa Bunge, Lodwar. Kutoka Kakuma ni kilomita kama 120, kwa hiyo changeni nauli ya watu wawili, mmoja awe shahidi wa mwenzake.

WAGENI NA WENYEJI

Hapa kwetu kuna jambo la pekee. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa 2016 ili wakimbizi na wenyeji waishi na kutumia huduma pamoja. Sokoni, mama Mturkana anauza kuni na makaa, na jirani yake kutoka Sudan Kusini, Burundi au Kongo anauza unga na nguo. Utafiti wa shirika la IFC la mwaka 2018 ulikadiria biashara ya Kakuma kuwa ya shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Soko likikwama, wote wanakosa mkate.

Lakini haki zao katika sheria si sawa. Mkimbizi hapigi kura ya mjumbe wa wodi. Haki ya kupata habari katika kifungu cha 35 ni ya raia. Hata hivyo kifungu cha 37, kinachohusu kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, kinasema "kila mtu", hakisemi raia peke yake. Basi mnaona jinsi ya kusaidiana: mwenyeji aombe hati, na wote wawili waweke sahihi kwenye ombi. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Tuseme na upande wa pili, kwa sababu wenyeji nao wana uchungu. Ardhi kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kaunti huishika kwa niaba ya jamii, na hairuhusiwi kuiuza wala kuigeuza kuwa mali ya mtu binafsi. Kwa hiyo mradi ukija, swali la "ardhi hii imetolewa na nani, kwa masharti gani?" ni swali halali. Liulizwe mapema, mbele ya wazee, akina mama na vijana. Likiulizwa baada ya msingi kuchimbwa huwa ugomvi.

MWISHO

Turudi kwa akina mama wa hadithi yetu. Je, hati na barua zitawarudishia samaki waliobebwa na laga? Hapana. Haki inayokuja baada ya mafuriko ni haki ya nusu. Ndiyo maana tunasisitiza mwezi wa saba na wa nane, na orodha ya majina kabla ya kuhama. Mafundisho ya Kanisa juu ya jamii yanasema jambo linaloweza kufanywa na watu walio karibu lisinyakuliwe na walio mbali. Kujua laga hupita wapi ni jambo la watu walio karibu. Hakuna injinia anayelijua kuliko mama aliyeuza hapo miaka ishirini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mradi mmoja ulio kwenye kituo chako. Nani anaujenga, kwa pesa ngapi, na utakwisha lini? Kama hamjui, nani atakwenda kuuliza, na siku gani?
2. Tunampima mjumbe wa wodi kwa nini? Je, kipimo hicho ni sawa?
3. Wakati wa ujenzi, ni nani kwetu huumia zaidi: wauzaji wadogo, wenye maduka, au waliohamia juzi?
4. Mara ya mwisho mlipoandika majina kwenye karatasi ya mkutano, karatasi hiyo ilikuwa ya nini?
5. Chagueni watu 5 wa kutazama. Waanze mwezi huu, na daftari linunuliwe leo.

Mkishajaribu hatua hizi, tuandikieni mmefika wapi, hata kama mmeshindwa. Walioshindwa hutufundisha sawa na waliofaulu.